Bingwa Asiyepiga Gwaride

Nilikuwa ofisi ya michezo ya mkoa, hapa Moshi, nikingoja muhuri. Mbele yangu alisimama fundi cherehani wa Majengo, bingwa wetu wa mpira wa meza, ambaye hucheza ameegemea gongo moja kwa sababu mguu wake ulipooza utotoni. Alitaka kujua kwa nini jina lake halimo kwenye timu inayokwenda Dar es Salaam.

“Ndugu,” afisa alisema bila kuinua macho, “siku ya ufunguzi kuna gwaride mbele ya mgeni rasmi. Wewe utapigaje mguu?”

“Ndugu Afisa, mpira nacheza kwa mkono.”

“Nidhamu kwanza. Tumemchukua yule kijana wa Rau.”

“Niliyemfunga Jumamosi?”

“Huyo huyo. Anatembea vizuri sana.”

Fundi alihamisha gongo kwapani. “Na zile sare za timu mlizonipa nishone?”

“Zilete Alhamisi. Usichelewe, tafadhali.”

Alizipeleka Jumatano.

Timu imerudi jana, imefungwa mechi zote. Tunaambiwa mgeni rasmi aliisifu sana kwa hatua zake. Mwakani nashauri vibao na mipira vibaki Moshi, tupeleke miguu peke yake.