Noti Ndefu ya Tarumbeta

Kabla ya kuugua nilikuwa nafundisha baiolojia kwa kujitolea huko Handeni, na sikuwa mtu wa kuamini kitu kirahisi. Nilipoanza kukohoa nilisema ni vumbi la chaki. Wiki ya nne shati lilikuwa linalowa jasho kila usiku na suruali inanishuka kiunoni. Kisha nikatema damu kwenye leso, mbele ya wanafunzi.

"Kifua kikuu," daktari alisema. "Kinapona. Vidonge miezi sita, usiruke hata siku moja. Na awepo mtu wa kukuona ukimeza."

Mtu huyo akawa mjomba wangu wa Kwamndolwa, Korogwe, fundi mstaafu wa kiwanda cha chai; nikahamia kwake. Bosi wake wa zamani alipohama alimwachia gramafoni na santuri ya jazi iliyorekodiwa ukumbini, watu wakiwemo. Jalada limeliwa na mchwa, hata jina la bendi halisomeki. Kila asubuhi mjomba aliiweka, nikameza, tukasikiliza upande mzima.

"Muziki hauui bakteria, mjomba."

"Nani kasema unaua? Meza, msomi."

Kwa dawa zile mkojo ulikuwa rangi ya chungwa, tumbo linachafuka. Lakini nikaanza kusikia mambo: mtu akikohoa ukumbini, glasi zikigongana, mpiga tarumbeta akivuta pumzi kabla ya noti moja ndefu. Nilijaribu kuifuata kwa kuguna, nikiwa nimefumba mdomo. Pumzi ikanikatikia njiani, nikakohoa mpaka machozi.

Mwezi wa tatu kikohozi kiliisha, mashavu yakarudi. Nikamwambia mjomba nimepona, vidonge basi. Hakubisha. Tarumbeta ilikuwa ndiyo inapanda, akainua sindano ya gramafoni.

"Mbona umekata?"

"Si umeshasikia ya kutosha?"

Nikamwambia mfano wa wimbo si ushahidi. Nikampigia daktari, nikitafuta wa kuniunga mkono.

"Wadudu waliobaki ndio wagumu," alisema. "Ukiacha leo, wakirudi dawa hizi huenda zisiwaweze."

Nikameza. Mjomba akarudisha sindano, akanicheka kidogo tu.

Mwezi wa sita makohozi yalipimwa, yakawa safi. Asubuhi iliyofuata niliifuata ile noti mpaka mwisho. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Yako hayo," mjomba alisema.

"Ya mpiga tarumbeta."

"Basi gawaneni."

Bado nasema santuri haikuniponya. Ilinikalisha kitini mpaka dawa ikaniponya, na kwa hilo naishukuru, pamoja na daktari na mjomba wangu. Wewe unayekohoa wiki ya pili sasa, nenda kapime. Ukipewa dawa, uliza maswali yako yote, lakini uliza ukiwa umeshameza.