Mayai sita ya mama yangu yalivyonitoa kwenye sinki la hoteli Diani

Wakuu, salaam aleikum, na wale wa shikamoo shikamooni.

Nimewaona vijana humu mnarushiana picha za yai la kuchemsha lenye ute wa kahawia na kiini laini, eti "recipe mpya". Nikacheka mpaka mke wangu akaniuliza kulikoni. Mpya kwenu. Mimi yai hilo lilinipa kazi miaka ya themanini mwanzoni, na ninayoyaeleza hapa ni kweli tupu. Mimi ni mtu wa Msambweni, uongo nawaachia wanasiasa.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, naosha sufuria kwenye hoteli moja ya Diani. Jina la hoteli halina haja. Kazi yangu sinki, kutwa kucha. Mikono ilikuwa imechunika kwa sabuni mpaka kula pilipili ilikuwa adhabu.

Sasa, mnaojua pwani yetu mnajua low season. Mvua za masika zikikaribia, wageni wanaondoka, na hoteli inaanza kupunguza watu. Wapishi hubaki. Waosha sufuria ndio wa kwanza kuambiwa "tutawaita". Hatuitwi.

Baba alikuwa ameshafariki. Nyumbani tulikuwa mimi na mama, naye kazi yake kushona kofia za vito, zile za kutarizi kwa mkono. Nikipoteza sinki lile, basi tena.

Nikajitoa kimasomaso, nikamfuata Chef Nzioka, mkubwa wa jikoni. Mkamba huyu alikuwa amepika melini miaka mingi, na hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Nikamwambia nataka kupika. Akanitazama juu mpaka chini, kisha akaniuliza kama naweza kuchemsha yai.

Kuchemsha yai! Nikaona dharau. Nikamjibu hata mtoto anaweza.

Domo hili, wakuu, limeniponza mara nyingi.

Akanionyesha yai lake mwenyewe, alilojifunza huko melini. Ute umeshika vizuri, kiini kizito kama asali, halafu limelazwa usiku kucha kwenye sosi ya soya mpaka limekuwa kahawia na chumvi imeingia ndani. Nilipewa nusu nikaonja. 

Akaniambia dakika sita na nusu, maji yakiwa yanatokota. Akanipa soya robo chupa ya soda. Nilikuwa na off ya siku tatu, kwa hiyo akataka mayai sita Jumamosi asubuhi. Yakiwa sawa nahamia jikoni. Yasipokuwa sawa, mwisho wa mwezi niende na wenzangu.

Haya. Jumatano nikafika nyumbani, nikachukua mayai ya siku ileile, mengine bado ya moto kutoka kwa kuku. Nilidhani yai likiwa bichi zaidi ndio bora zaidi. Saa sikuwa nayo, nikawa nahesabu kwa mdomo, moja mpaka mia tatu na tisini. Kiini kilitoka vizuri kabisa.

Lakini kumenya sasa! Ganda likitoka linatoka na nyama yake. Yalikuwa yamebanduka kama ukuta wa udongo baada ya mvua. Tukayatia kwenye mchuzi.

Alhamisi nikarudia. Nimefika mia mbili na kumi nikasikia hodi, ni jirani.

Nyie wa bara hamtaelewa. Kwetu mtu akibisha hodi humwambii "ngoja nahesabu". Akauliza hali yangu, ya mama, ya kazi, ya Diani, ya shangazi yule wa Bodo aliyekuwa akiumwa mguu. Na mimi nikarudisha yote, moja moja, kwa adabu. Alipoondoka mayai yalikuwa magumu kama gololi.

Hasira zikanipanda. Nikasema angalau nipashe soya moto na tangawizi, niwe tayari. Nikaiweka jikoni, nikaenda kuswali alasiri. Kurudi, nusu yake imekuwa lami chini ya sufuria.

Nilikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi nikainamisha kichwa. Sioni aibu kusema nililia.

Mama alikuwa ameketi barazani na kofia yake, kimya siku zote mbili. Hilo yai lenyewe halikumpendeza. Kwake yeye yai lenye kiini cha majimaji ni yai bichi, na mwenye kulila hana mama wa kumpikia. Lakini aliponiona vile akaweka sindano chini, akaingia ndani, akatoka na kapu.

Ndani mlikuwa na mayai sita. Nilikuwa nayajua. Alikuwa ameyakusanya karibu wiki mbili ili amwekee kuku wake ayalalie. Hao ndio walikuwa vifaranga wake wa mwaka ule.

Nikakataa. Akaniambia, "Yai la leo halimenyeki, mwanangu. Hata mayai ya pilau ya maulidi huwa tunayaweka siku kadhaa. Ungeniuliza ningekwambia tangu juzi."

Nikamwambia basi na dakika je, maana kuhesabu kumenishinda.

"Jumatano uliyatia mimi naanza tasbihi, ukayatoa mimi namaliza, na kiini kilikuwa vile unavyotaka. Kesho nikianza uradi wangu, yatie. Nikifika punje ya mwisho, yatoe. Lakini mimi sihesabu mayai, mimi namtaja Mola. Ukiiba muda humo ni shauri yako."

Ijumaa baada ya alasiri mama akashika tasbihi yake ya punje tisini na tisa. Nikatia mayai. Mama yangu hakuwa na haraka na Mungu wake, kila punje inapata haki yake. Na siku ile mlango niliufunga, jirani anisamehe.

Punje ya mwisho, nikayatoa, nikayatumbukiza kwenye maji ya mtungi. Ganda likavuka kama kanzu.

Soya iliyobaki haikutosha hata kuyafunika nusu. Mama akaloweka ukwaju, akaukamua, akatia sukari guru, kitunguu saumu na pilipili moja nzima. Tukachanganya na ile soya, tukayalaza kwenye kopo la mafuta. Mfuniko haukuwepo, akafunika kwa jani la mgomba na kulikaza kwa uzi wake wa kofia.

Lakini wakuu, oneni mtihani wangu. Mayai sita, na chef anataka sita. Hakukuwa na la kupasua kuangalia. Nilikwenda Diani na kopo mapajani bila kujua kama ndani mna asali au gololi.

Chef Nzioka akachukua yai la kwanza, akaweka kisu. Yai lilikuwa laini mno, kisu kikalibonyeza, likapasuka na kiini kikamwagika ubaoni. Wapishi wakaanza kuguna. Mmoja akasema mwosha sufuria ameleta uji.

 Macho yakaangukia kopo, na ule uzi.

Nikaufungua, nikashika ncha moja kwa meno na nyingine kwa mkono, nikaupitisha kwenye yai la pili kama mama anavyokata mayai ya pilau. Likaachana vipande viwili, safi. Kiini kimekaa mahali pake, kizito, rangi ya embe dodo. La tatu vilevile. Mpaka la sita.

Wapishi wakasogea karibu.

Chef akaonja. Akaonja tena. Akaniuliza uchachu ule ni wa nini. Nikasema ukwaju. Soya yake iko wapi? Nikasema ukweli, nusu niliiunguza.

Hapo ndipo nilimwona Chef Nzioka akicheka kwa mara ya kwanza. Akasema, "Jumatatu usishike sinki. Na huo uzi kuja nao."

Nimepika miaka thelathini na moja, wakuu, na yai la ukwaju lilikaa kwenye breakfast ya wageni mpaka nastaafu.

Kwa mshahara wa kwanza wa upishi nilimpelekea mama mitetea miwili, na yai moja kwenye kopo. Alikuwa hajawahi kulionja. Nikamkatia kwa uzi, akatafuna taratibu, akakunja uso.

"Bado bichi," akasema, na akanyoosha mkono achukue nusu ya pili.

Nililojifunza ni dogo. Nilihangaika siku mbili nikijifanya mjuzi, na mjuzi alikuwa amekaa barazani anashona kofia. Mwenye mama hai na akamuulize leo.

Haya, nimemaliza. Mwenye swali la vipimo aulize, mwenye kubisha abishe kwa adabu. Ila anayetaka kujua dakika, mimi nitamjibu kwa tasbihi.