Alizeti ya Mama Nekesa

Harufu ya rangi ya mafuta iliyochanganywa na petroli hunirudisha Silanga, mtaa wetu wa mabanda, nilipokuwa msichana wa darasa la tano. Msimu huo wapimaji wa barabara mpya walipita wakichora X nyekundu kwenye kuta za mabati zilizotakiwa kubomolewa. Dada yangu Akinyi, mchoraji wa mabango ya vinyozi, akaanza kuzigeuza kwa hasira: X moja ikawa mabawa ya ndege, nyingine mkasi, nyingine mtu aliyeinua mikono. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba X yenyewe ibaki ikionekana ndani ya mchoro, ili kila apitaye ajue nyumba hiyo imehukumiwa.

Nyumba ya jirani yetu Mama Nekesa ilichorwa X akiwa mazishini Bungoma. Nilimhurumia, au labda nilitaka kusifiwa. Hadi leo sijui. Nilichukua brashi ya Akinyi nikachora alizeti kubwa ya manjano, nikaifunika X yote. Mama Nekesa aliporudi, majirani walikuwa waking'oa mabati yao wasiyapoteze, kila mmoja na mzigo wake. Akaniuliza, "Kwani yangu wameiruka?" Nikatazama chini. Akacheka, akamshukuru Mungu, akarudi kwenye cherehani yake. Kwa siku mbili nilijiambia kwamba nitamwambia kesho.

Siku ya tatu asubuhi tingatinga likaja. Mama Nekesa alitoka na mtoto wake mgongoni; cherehani ilibaki ndani. Mpiga picha wa gazeti akaipiga picha alizeti iliyokunjamana. Picha ikasambaa, watu wakapiga kelele, na waliobaki, hadi mtaa wa jirani wa Kambi Muru, wakapewa muda wa kuhama. Nilipokiri kwa Akinyi, alisema, "Si wewe uliyeendesha tingatinga." Kisha, akiosha brashi yake, akaongeza, "Lakini ungemwambia."

Leo nina shahada, sina kazi ya kudumu, naishi Kawangware. Wenzangu wanaopanga maandamano wanataka kuichapisha picha ile kwenye fulana. Wanaiita ushindi. "Si uliokoa watu, msee? Acha kujipa presha." Huenda ni kweli. Utotoni nilichora bila kumuuliza mwenye ukuta. Sasa nimekwenda mara tatu kwenye kibanda cha Mama Nekesa, mitaa miwili kutoka kwangu, ambako hushona kwa cherehani ya kukodi, nimwambie yote na kumwomba ruhusa ya kuichapisha picha. Kila mara huniuliza nataka kushonewa nini. Nina sketi tatu mpya nisizozihitaji.