Kisigino Kilichochomwa Moto

Mwanangu, asubuhi nnayotaka kukuhadithia ilikuwa ya baridi, na mpaka leo baridi ikianza Muscat, kisigino changu cha kushoto hujua kabla yangu. Nimesikia umefunguliwa bendeji ya mguu juzi tu na tayari unataka kurudi kwenye mbio zako. Kaa kitako kwanza. Mimi si msomi, niliishia darasa la nne, lakini hili nalijua kwa mguu wangu mwenyewe.

Tulishuka melini Matrah, bandari iliyo jirani na Muscat, mwaka wa sitini na nne, mimi na mama yangu na furushi moja la nguo. Waliotutoa Unguja nawajua kwa majina, walikuwa jirani zetu, na siku yao iko. Leo namtaja mwengine. Anaitwa Khalfan Kidevu, msimamizi wa duka la tajiri mmoja pale sokoni. Siku hizo magari yalikuwa machache, na duka lile lilikuwa na mkimbiaji wake wa barua, anayekata njia ya mlimani mpaka Muscat na kurudi na jawabu kabla ya adhuhuri. Unguja nilikuwa sishindiki kwa mbio ndefu, basi kazi nikapewa mimi. Mama alikula kwa miguu yangu.

Msimu wa baridi wa tatu nikateleza mlimani, mshipa wa nyuma ya kisigino ukavutika. Mama akanipeleka kwa Ami Seif, mzee aliyekaa Pemba miaka mingi, akitibu kwa chuma cha moto kama ilivyo desturi ya huku. Akanichoma alama mbili. Mimi sikulia, aliyelia ni mama.

"Sikiliza, we kijana," akanambia. "Siku arubaini nzima utembee tu. Kidonda cha moto kitafunga mapema, lakini hiyo ni ngozi. Ndani mimi sipaoni, na wewe hupaoni."

Lakini sote tulizowea kutazama gaga, lile ganda kavu la juu ya kidonda. Gaga la moto likianguka, watu husema mtu kapona. Langu likaanguka kabla wiki ya tatu kwisha. Khalfan akaja barazani kwetu, akainama kunitazama mguu kama mtu anayenunua mbuzi.

"Ah! Kovu kavu hili. Unangoja nini tena?"

"Ami Seif kasema mpaka arubaini."

"Arubaini? Hebu mtizameni, jamani, Mzanzibari kajifungua! Mleteeni uji wa pilipili manga!"

Baraza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, mwanangu, huku uso unaniwaka. Khalfan akasema barua iko kesho asubuhi, na ikinishinda yuko wa kuipeleka.

Niliamka na woga. Nilipokanyaga sakafu sikusikia maumivu hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha, maana baridi ilikuwa imeutia mguu ganzi. Mama akanishika mkono.

"Unatetemeka, baba. Baridi hiyo?"

"Baridi, mama."

Nilimdanganya.

Nikaanza mbio. Mawingu yalikuwa meusi juu ya milima, upepo unakata masikio. Kila hatua nilikuwa nausikiliza mguu, kama tulivyokuwa tukisikiliza mlango siku zile za Unguja, hujui watabisha saa ngapi. Nikapanda, nikateremka, mguu kimya. Nikafika kwenye wadi, lile bonde kavu la mawe, nikaruka jiwe moja, na hapo nikasikia kitu kikikatika nyuma ya kisigino kama kamba ya ndoo. Nikaanguka kifudifudi katikati ya bonde.

Nikajaribu kusimama, sikuweza. Kisha nikasikia mngurumo kutoka juu. Kwanza nilidhani gari. Njia ile haipiti gari.

Mvua ilikuwa imenyesha mlimani na maji yalikuwa yanakuja. Nikajikokota kwa viwiko, nikiwaza mama atakavyobaki peke yake nchi ya watu. Nilivuta mguu wa mwisho juu ya ukingo, maji yakapita chini yangu, rangi ya tope, yamebeba mawe na punda mzima. Barua ilikwenda nayo. Nilikaa pale mpaka waokota kuni wakaniona, wakanirudisha Matrah juu ya mnyama wao.

Khalfan alikuwa mlangoni kwetu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Barua iko wapi?" Siku ileile kazi akampa mtu mwengine. Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na hakuja kunijulia hali hata siku moja.

Ami Seif alikuja. Safari hii hakupasha chuma.

"Asubuhi ile uliogopa?"

"Niliogopa, Ami."

"Uliogopa mguu?"

"Niliogopa mguu, lakini kuchekwa niliogopa zaidi."

"Basi woga wa mguu ulikwambia kweli," akasema, "na wewe ukenda kumsikiliza Khalfan."

Msimu wa baridi uliofuata nilianza upya, kwenye mchanga wa pwani, kutembea tu. Kisha mbio kidogo, narudi nyumbani bado nna hamu. Woga nilikwenda nao kila siku, na sikuufukuza tena. Kasi yangu haikurudi. Khalfan nikikutana naye msikitini namwamkia, lakini kumsamehe bado.

Basi nakunasihi, mwanangu. Mguu ukikuogopesha, simama uusikilize, usione haya. Usipime kupona kwako kwa ngozi wala kwa macho ya wenzio. Anza kwa kutembea, ongeza kidogo, na aliyekuwekea siku za kupumzika umalizie siku zake zote, hata baraza nzima ikicheka. Wanaocheka hawatakubeba.

Mungu akuunge pale ndani pasipoonwa na mtu, akutie subira wakati wa baridi, na kila utokapo akurudishe kwa mama yako na miguu yako miwili. Amin.