Mpiga Nyuzi Nene

Siku ile naikumbuka, mwanangu, tangu nilipokuona jana na chuma chako cha kulehemu juu ya meza yangu ya kulia, na hasira imenipanda upya.

Nilikuwa binti, mwimbaji wa bendi ya harusi hapa Rumonge. Mkubwa wetu Kasimu alipiga solo, Hamisi alipiga besi, lile gitaa la nyuzi nene. Kasimu alikuwa na pedali, kile kiboksi cha kukanyaga kwa mguu ili gitaa liungurume. Akakifungua, akang'oa kikondansateri kidogo, kile kidude kinachochuja sauti, akalehemu kikubwa ili besi ipite kwa wingi. Hapo hana kosa. Kosa ni kwamba alifanya hivyo ili amtoe Hamisi kwenye bendi, na wala hakumwambia! Hata sisi wengine hatukujua.

Hamisi akafika harusini kutoka Magara, gitaa mgongoni, akakuta kiti chake kimeondolewa jukwaani. Kasimu, bila haya, akamwonyesha mkeka wa wageni.

"Leo wewe kula tu, ndugu yangu. Besi iko ndani ya pedali."

Mtu na kazi yake, akapewa sahani mbele za watu kama mpita njia! Ebo!

Tukaanza. Pedali ya namna ile ukiilisha besi nyingi inavuruga: noti zikaingiana, ukabaki mvumo mtupu, nami sikusikia pa kuingilia wimbo. Wachezaji wakakanyagana. Nikaweka maikrofoni chini, nikasema siimbi.

Ndipo nyanya yake bi harusi akainuka mkekani.

"Kasimu! Yule mutoto wa nyuzi nene, mbona anakula na sisi hatuchezi?"

"Nyanya, iko mashine sasa."

"Basi hiyo mashine ije ile pilau, na Hamisi arudi kazini!"

Watu wakacheka. Hamisi hakucheka. Alinawa mikono, akapanda jukwaani, akamwambia Kasimu, "Napiga juu ya heshima ya bi harusi tu. Siku ulikamata bisibisi, mudomo ulikuwa wapi?"

Kasimu akainama. Hamisi akapiga hadi mwisho, watu wakacheza wakatosheka, kisha akatia gitaa mgongoni akaenda zake na hakurudi tena. Bendi ikafa. Hadi leo tukikutana sokoni ananiuliza habari za watoto vizuri tu, lakini ukitaja harusi anaaga. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa wewe! Jana unaniambia huku unacheka, "Bibi, nikimaliza hii pedali, Issa hatutamuhitaji." Issa, mpiga besi wenu, aliyekufundisha kushika gitaa! Usiache mbachao kwa msala upitao. Lehemu utakavyo, ongeza besi mpaka mabati yatikisike, sikukatazi. Lakini kwanza nenda kwa Issa, ukae naye, umwambie kwa mdomo wako unachotaka, na umsikilize. Akikasirika, vumilia. Ukishindwa kumwambia usoni, basi ujue jambo lenyewe ni baya.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na akuzidishie haya. Siku ya harusi yako Issa awe jukwaani, asiwe mkekani. Haya, nenda kwake sasa hivi. Chuma chako ninacho mimi, utakipata ukirudi.