Viza Niliyomwachia Joakim

Nilimuombea mdogo wangu anyimwe viza.

Kanisani, magoti chini, macho nimefumba. Yeye kapiga magoti pembeni yangu, anaombea safari zetu wote wawili. Mimi nampangia akwame.

Msinihukumu haraka. Au hukumuni tu, nimeshazoea.

Naitwa Antoni, mtu wa Kitura, Mbinga. Joakim ni mtoto wa baba mdogo Frederick, nimemzidi miaka sita. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye makaa ya mawe kule Ngaka nikamfundisha kuendesha kijiko, ile mashine ya kuchimba. Alipofika hakujua hata kuiwasha.

Mwaka wa pili bosi akaleta kijiko kipya. Akampa nani? Joakim.

Mimi nikabaki na kile kikuukuu kinachovuja oili. Roho iliniuma, jamani. Nikawa nampongeza huku natafuta kosa lake.

Nyumbani ndiyo kabisa. Mke wangu Rosina kila siku Joakim hivi, Joakim vile. Joakim kaezeka bati la rangi, Joakim kamnunulia mama yake godoro. Nikamwambia basi nenda ukaolewe huko. Akacheka. Mimi sikucheka.

Sasa sikia mchongo ulivyokuja.

Sadiki, jamaa tuliyefanya naye kazi Ngaka, alikuwa ameshahamia Oman kwenye machimbo ya kokoto. Siku moja akanitumia ujumbe wa sauti mrefu. Kampuni yao inataka opareta mmoja. Itamuombea viza ya kazi yenyewe na tiketi italipa, ila kuna mkataba wa kusoma, vipimo vya afya na hati ya polisi. Kama miezi minne ya kusubiri.

Akamalizia hivi: "Antoni, amua wewe au Joakim. Ila yeyote asije na viza ya matembezi. Ukija nayo huku huna kazi, huna haki."

Nikausikiliza mara tatu.

Shida ni kwamba Songea kulikuwa na dalali wa kunyakua watu juu kwa juu. Yeye anakupa viza ya matembezi, wiki mbili umepanda ndege, anasema utabadilisha ukifika. Joakim alikuwa ameshamsikia na alikuwa anamtamani.

Hapo ndipo wivu ulipopiga hesabu. Nikichukua ile ya kazi, nitakaa Kitura miezi minne napalilia kahawa. Joakim ataenda kwa dalali na kunitangulia. Nitafika Oman nikute tena yeye ndiye mkubwa. Hapana. Bora nife.

Kwetu Umatengoni tuna sengu. Wanaume wa ukoo tunakula pamoja kwa mzee, na mambo ya familia yanasemwa hapohapo. Neno la kwenye sengu si la kuchezea, linashikwa.

Basi baba mdogo akaita sengu kwa ajili ya safari yetu. Tumekula ugali na samaki wa Mbamba Bay, Joakim akanigeukia mbele ya wazee wote.

"Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha kazi. Nichague viza ipi?"

Nikanawa mikono polepole, nikavaa sura ya mtu mzima.

"Mdogo wangu, viza ya kazi. Mkataba uwe na jina la kampuni, mshahara na siku ya kupumzika. Uusome mpaka mwisho. Bila hivyo usipande ndege. Nafasi iliyopo kwa Sadiki nakuachia wewe."

Wazee wakaguna kwa furaha. Baba mdogo akanishika bega. Joakim machozi yakamlengalenga.

Hawakujua pasipoti yangu ilikuwa kwa dalali tangu Jumanne. Hawakujua nilishajiaminisha kwamba Joakim atakwama kwenye vipimo au hati ya polisi, au kampuni itamchoka. Nilitaka aoze kwenye foleni huku mimi namtumia picha.

Nikaondoka kweli. Picha nilimtumia moja tu, ya uwanja wa ndege.

Nilipotua nilipokelewa na mtu nisiyemjua, akachukua pasipoti yangu. Tukalala watu tisa chumba kimoja. Kijiko sikukigusa, kwa sababu bila kibali cha ukaazi hakuna leseni ya mashine. Nilikuwa naosha malori. Nikidai mshahara naambiwa sema na dalali wako, dalali hapokei simu. Viza ikaisha. Nikawa najificha kila nikisikia gari la wakaguzi.

Mwezi wa tano tangu nifike, wakanidaka. Nikarudishwa, na nikaambiwa nisikanyage tena kule.

Nilishuka Mbinga na begi moja. Aibu niliyokuwa nayo, acha tu. Rosina akaniambia Joakim ameshaondoka wiki tatu zilizopita, na viza ya kazi, na mkataba. Nikaenda kulala mchana kweupe.

Jumamosi baba mdogo akaniita kwenye sengu. Nikajua leo nachambwa.

Nikamsalimia, "Shikamoo baba." Akachukua maji, mzee mwenye mvi zote zile, akaninawisha mikono yeye mwenyewe. Kwetu mzee hamnawishi kijana. Kisha akaweka simu katikati yetu, sauti juu. Alikuwa Joakim.

"Kaka, Sadiki ameniambia yote. Nafasi nzuri ilikuwa moja, na ulijua ile nyingine ni mbaya. Ukaniachia mimi nzuri, ukaenda wewe kwenye mbaya. Mtoto wangu akizaliwa ni Antoni."

Wazee wakawa wanafuta macho. Rosina alikuwa mlangoni na sufuria. Yeye alijua, maana nilipofunga begi nilimwambia safari hii namtangulia huyo Joakim wenu. Alinitazama, anasubiri niseme.

Nikasema, "Asante mdogo wangu." Nikala.

Tangu siku hiyo Rosina hanitajii Joakim. Ni mimi ninayemtaja sasa, kila nikiona picha zake kwenye kijiko kipya. Na bado inaniuma, sitawadanganya.

Majina sijabadilisha. Joakim yumo humu kwenye kundi na anasoma.

Mdogo wangu, sikukuachia kwa upendo. Nilikuachia ili uchelewe. Mtoto mpe jina lingine.

Na wewe uliyepata kazi nje, usiangalie nani katangulia. Subiri viza ya kazi, soma mkataba mpaka mwisho. Ushauri ni uleule niliotoa kwenye sengu, sina mwingine. Ila safari hii hakuna ninayetaka kumchelewesha.