Mafaili Yaliyofika Matupu

Kila Jumatano mama yangu alitembea kwa miguu kutoka mtaa wetu wa Kilibula hadi ofisini kwetu, akaketi kwenye benchi pamoja na wengine waliopotelewa na watu wao, akangoja zamu yake. Tuliishi nyumba moja. Angeweza kuniuliza asubuhi tukinywa chai, lakini hakutaka.

"Ku nyumba weye ni mutoto wangu," aliniambia. "Kule weye ni wa ofisi."

Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta tu, katika shirika dogo linalowatafutia watu ndugu zao. Lakini mama akishaamua jambo, kubishana naye ni kujichosha.

Aliyekuwa akimtafuta ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Siku mbili kabla ya risasi kulia mjini, yeye na mama waligombana. Mdogo wangu alichukua kitenge cha mama, kile ambacho marehemu baba alimletea kutoka Bujumbura, akakikata ajishonee gauni la kwaya. Mama alipoviona vipande mezani alimwambia, "Utoke mbele ya macho yangu." Akatoka kweli, akaenda kukaa kwa rafiki yake. Risasi zikamkuta huko, akakimbia na familia ya rafiki huyo, wakavuka mpaka. Simu yake ilipotea njiani. Tulichosikia ni kwamba wako Burundi, katika kambi mojawapo, na hakuna aliyejua ni ipi.

Fomu ya kumtafuta niliijaza mwenyewe, mama akisema nami nikiandika. Jina, umri, alama: kovu la mafuta ya mawese kwenye goti la kushoto. Mwishoni kuna sehemu ya ujumbe, maneno machache ambayo mtu husomewa akipatikana. Mama aliwaza kidogo.

"Andika: ile kitenge ilikuwa nguo tu. Arudi."

Nilimwambia aanze na salamu.

"Andika vile nimesema."

Ofisi ya ng'ambo ya mpaka, kule Burundi, ilikuwa na mfumo wake, na kazi ya kuiunganisha na yetu ilikuwa yangu. Programu niliyoiandika ilimchukua kila mtu kama alivyohifadhiwa kwenye mashine yetu, ikamgeuza kuwa faili la XML: maandishi yenye lebo moja kubwa ya nje, yaani mtu mwenyewe, na ndani yake lebo ndogo za jina, umri, alama na ujumbe. Ili ofisi mbili zisichanganye maneno, kila lebo hutaja kamusi inakotoka. Mafundi huita hiyo nafasi ya majina. Mimi niliitaja kwenye lebo ya nje peke yake, kwa herufi tatu zilizotangulia neno. Nilidhani za ndani zingerithi kutoka kwa mama yao.

Hazirithi. Na kinachonichoma ni kwamba mtu wa kwetu ndiye alipaswa kulijua hilo kabla ya wengine. Kwetu hakuna mtoto anayerithi jina la baba. Kila mmoja ana lake, na karani akija kutuandikisha humuuliza kila mtu peke yake. Lebo zangu za ndani ziliondoka bila utambulisho, na mashine ya ng'ambo, iliyokuwa ikitafuta zenye utambulisho, ikazipita. Haikulalamika. Kila wiki ilirudisha jibu lilelile: imepokelewa. Nilikuwa nimeyajaribu mafaili kabla ya kuyatuma, ndiyo, kwa programu yangu mwenyewe, ambayo ilisoma kwa kosa lilelile ililoandikia. Nikajipongeza, mjinga mimi.

"Wameshajibu?" mama aliuliza kila Jumatano, amesimama mbele ya meza yangu na namba yake ya zamu mkononi.

"Wamepokea, mama. Bado hawajamuona."

"Aksanti, madamu."

Hivyo ndivyo alivyoniita pale, mbele ya watu, kwa heshima zote. Akarudi Kilibula kwa miguu. Ilikwenda hivyo miezi minne, kisha Jumatatu moja tansiyo, yaani shinikizo la damu, ikampanda akiwa sokoni, na hakufika Jumatano. Tulimzika. Baada ya matanga nilirudi kazini kwa sababu sikujua pa kwenda. Mwanamke mwingine alikuwa ameketi pale mama alipozoea kuketi, nikamchukia mtu wa watu asiye na kosa lolote, hadi ikanibidi nitoke nje.

Wiki ya tatu mwenzangu wa ng'ambo aliniandikia. "Hawa mnaotutumia ni akina nani? Tunaona namba za fomu tu, ndani hamna kitu. Nilifikiri bado mnajaribu."

Nilielewa kabla sijamaliza kusoma. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja: kuiambia programu iweke zile herufi tatu kwenye kila lebo, ya nje na za ndani. Ilinichukua robo saa. Nikawatuma watu wote upya, na kesho yake asubuhi mdogo wangu alikuwa amepatikana. Jina lake lilikuwa kwenye orodha yao tangu mwezi wa kwanza wa kumtafuta. Mwenzangu akampelekea simu kambini.

"Niliendaka kuuliza mara tatu," mdogo wangu alisema. "Balinambia hakuna muntu ananitafuta. Nikajua mama iko na hasira bado. Nikaacha."

Nikamwambia habari za mama. Sehemu hiyo siwezi kuiandika. Alipoweza kunisikiliza tena nikamwambia na lililobaki.

"Alikutafuta kila Jumatano. Ni minye, dada yako, niliharibu. Kosa ni yangu."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Aliuliza tu, "Mama alisema nini?"

Nilifungua faili nikamsomea. "Ile kitenge ilikuwa nguo tu. Arudi."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Ile gauni nilishaifumua," alisema. "Vipande vyote nilivishona pamoja, nimurudishie." Nilimsikia akivuta pumzi. "Mushono inaonekana kidogo tu, dada. Akifunga vizuri haitaonekana."